Uzi wa Mafundo Saba: Tusiwafundishe Binti Zetu Kuwaogopa Shoga Zao



Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye nyumba moja hapa mjini kumsinga bibi harusi. Nilifika na singo yangu, liwa limeshasagwa, mawaridi yamekauka vizuri, maji ya marashi yako kwenye chupa. Ukumbini nikakuta wasichana watano wamekaa mkekani, wamevaa kanga za sare, kimya kama watu wa msibani. Nikawauliza, "Mbona mko nje na mwenzenu yuko ndani peke yake?" Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu, "Tumeambiwa tusiingie, dada."

Ndani nilimkuta shangazi wa bibi harusi anaokota nywele kwenye kitana, unywele mmoja mmoja, anazifunga kwenye karatasi akazichome. Alinieleza bila ya kuficha. Kuna mtu amewaambia kuwa harusi hii ina jicho, na jicho lenyewe ni la karibu. Kwa hivyo shoga za bibi harusi wasishike singo, wasifukize udi, wasimguse kichwa. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, hina ya mikononi haijakauka, machozi yanamtoka na hawezi kuyafuta.

"Wale ni shoga zangu tangu chuoni," aliniambia wakati namsinga mgongo. "Tumesoma msahafu mmoja. Leo naambiwa niwaogope."

Sikumjibu. Nilimaliza kazi yangu, nikamuombea dua, nikaondoka. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu mimi pia niliwahi kuwekwa nje ya mlango kama wale wasichana watano. Ni jambo nililolinyamazia miaka mingi. Leo nataka niwasimulie, kisha nitoe rai yangu, na mwenye kuona vyengine ana haki yake. Jina la shoga yangu silitaji, na kabla ya kuandika nilimuomba ruhusa.

Likizo ya kusi

Nilikuwa na miaka 15, niko kidato cha pili. Likizo ya katikati ya mwaka nilipelekwa shamba kwa bibi yangu, Jambiani, na safari hii niliruhusiwa kwenda na shoga yangu tuliyekuwa tukikaa dawati moja skuli. Kule tulimkuta dada yetu, mtoto wa mama yangu mkubwa, mwenyeji wa pale, ametuzidi miaka miwili na kwa macho yetu anajua kila kitu cha duniani.

Mnaoijua pwani ya mashariki mnajua kusi lilivyo. Upepo unavuma mchana kutwa, minazi inalalamika, asubuhi unajifunika kanga mbili. Maji ya bamvua yakitoka, bahari inakwenda mbali mpaka unaona mawimbi yanavunjika kule mwambani tu, na wanawake wanateremka kwenye mwani. Kilimo hiki kiliingia pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake ndio walioshika kamba. Katika nyumba nyingi za kule, bati la juu na sare ya skuli ya mtoto vimetoka kwenye mwani.

Kazi ya mwani ni kufunga. Kamba ndefu inavutwa baina ya vijiti viwili, na kila kipande cha mwani kinafungwa kwenye ile kamba kwa kikamba chake kidogo. Mimi na shoga yangu tulifunga mpaka vidole vikatuuma, maji ya magoti, tunacheka, tunaimba, tunakimbizana na kaa. Bibi alikuwa akipita nyuma yetu anakagua. Fundo likiwa limekaza sana analifungua, anatufundisha tena: fundo la mwani ni la kuvuta mara moja likafunguka, kwani siku ya kuvuna utakuwa na mamia ya kufungua na maji yanajaa. "Fundo usilojua kulifungua," alikuwa akisema, "usilifunge."

Tulicheka na kufurahi, lakini kulikuwa na huzuni moja tuliyokuwa nayo tangu mjini. Baba yake shoga yangu alikuwa mtumishi wa serikali na amepata uhamisho kwenda Pemba. Likizo ikimalizika wanahama. Leo Pemba unakwenda kwa boti ukarudi, na simu kila mtu anayo mkononi. Kwetu sisi wakati ule, wasichana tusio na simu wala nauli, Pemba ilikuwa sawa na kuzikana. Usiku tulikuwa tukilala kitanda kimoja cha kamba tunahesabu siku zilizobaki, mmoja akilia mwenzake anambembeleza, kisha wanabadilishana zamu.

Dada yetu alitusikia. Usiku mmoja akatuambia kuna jambo anajua kulifanya, amelisikia kwa wakubwa, ila ni siri. Ukichukua uzi mwekundu, ukauviringisha na unywele wa kila mmoja, ukafunga mafundo saba, na kila fundo ukalipulizia majina yenu, hamtatenganishwa na mtu. Wazazi hawatawatenganisha, na hata mume hawezi. Kisha uzi unauzika chini ya mkadi.

Tulitoka alfajiri, kabla ya Bibi kumaliza uradi wake. Mkadi ulikuwa nyuma ya nyumba ya mwisho, kabla ya mchanga wa pwani, umetoa maua, harufu yake imejaa mahali pote. Nakumbuka mikono ilivyokuwa ikitutetemeka. Nakumbuka upepo ulitulia kidogo pale tulipofunga fundo la mwisho, na sote watatu tukaacha kuvuta pumzi. Tulichimba kwa mikono, tukauzika uzi ndani ya kichupa cha mafuta ya halud, tukarudi mbio.

Bibi alikuwa barazani. Alitazama michanga kwenye kanga zetu, akatutazama usoni, akasema, "Chai iko tayari." Hakuuliza. Mpaka leo natamani angetuuliza.

Siku tisa baadaye ikaja habari kutoka mjini. Uhamisho wa baba yake umeakhirishwa mpaka mwaka mwengine. Tulishikana mikono tukaruka ruka pale uwanjani. Hatukusema Alhamdulillahi. Tulisema, "Uzi!"

Miaka kumi baadaye

Maisha yakaenda. Walihamia Pemba mwaka uliofuata, wakarudi, tukaendelea kuwa pamoja. Mimi niliolewa na miaka 23. Yeye ndiye aliyenifukiza udi, yeye ndiye aliyenifunga kilemba, yeye ndiye aliyelala na mimi usiku wa mwisho nyumbani kwetu. Tulikuwa tumeshasahau mambo ya Jambiani.

Yeye alichumbiwa mara mbili na mara mbili uchumba ukavunjika. Wa kwanza waliondoka wenyewe, wa pili alikuja kujulikana ana mke Dubai. Mnajua maneno ya watu katika visiwa hivi. Msichana akifika miaka 26 hajaolewa, hakuna anayemuuliza anasoma nini wala anafanya kazi gani. Watu wanaulizana kimoja tu, nani kamfunga?

Jamaa zake wakampeleka kwa mganga. Alipigiwa bao, akaambiwa ameshikwa. Aliyemshika ni mtu wa karibu, wamekula sahani moja, na kuna kitu kilifungwa kikazikwa karibu na maji.

Jioni ile nikapata ujumbe wake kwenye simu. Ulikuwa na maneno machache: "Nakuomba kwa Mungu unifungue."

Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani anatania. Mara ya pili nilisoma nikakaa chini. Nilimpigia hakupokea. Nilikwenda kwao, mama yake akanipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Mlango ule nilikuwa nikiuingia bila ya kubisha tangu nina miaka saba.

Niliona njia ni moja tu, niende nikauchimbue ule uzi nimpelekee aone kwa macho yake. Nilimwacha mtoto kwa mama yangu, nikapanda gari ya shamba mpaka Jambiani. Mkadi haukuwepo. Mahali pale pamejengwa ukuta wa hoteli. Nilisimama pale na mtwana wa mlangoni ananitazama, ananiuliza kama natafuta kazi.

Wasomaji wangu, ukituhumiwa wizi unaweza kutoa ushahidi kuwa hukuiba. Ukituhumiwa uchawi unatoa ushahidi gani? Ukikaa kimya wanasema umekiri. Ukilia wanasema unajitia. Ukienda kuwajulia hali wanasema umekuja kukagua kazi yako. Na mimi nilikuwa na jambo moja zito zaidi, kwamba kweli tulifunga. Tulifunga sote, kwa mapenzi, lakini tulifunga. Ule uzi tuliouona una nguvu siku ya furaha, sasa umekuwa hoja siku ya shida. Tulikuwa tumeshajifundisha wenyewe kwamba uzi unaweza.

Miaka sita hatukusemezana. Aliolewa, sikualikwa. Mama yangu alifariki, hakuja. Mama yangu aliyekuwa akimwita mwanangu, aliyemsuka nywele kila Alkhamisi, alizikwa na yeye hakuja hata kwenye hitma. Mimi nimesamehe mengi, lakini hili nilichukua muda mrefu.

Mganga hakunitaja

Tulikutana kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Yeye ana mtoto mgongoni, mimi nina mtoto mkononi, na benchi lilikuwa na nafasi moja tu. Akakaa. Baada ya muda mrefu akasema neno ambalo sijalisahau.

"Yule mtu hakukutaja. Alisema mtu wa karibu. Aliniuliza, unamjua? Mimi ndiye niliyekutaja."

Hapo ndipo nilipoifahamu ramli. Mpiga bao hana haja ya kumjua mtu yeyote. Anasema "mtu wa karibu", na kila binaadamu ana mtu wa karibu. Anasema "mmekula sahani moja", na sisi watu wa pwani tunakula sahani moja na nani asiyekuwa wetu? Anasema "kuna kitu kimezikwa", na katika kila maisha kuna kitu kimezikwa. Kisha ananyamaza, na wewe mwenye shida, mwenye hofu, usiyelala, unajaza jina. Na jina litakuwa la nani? Haliwezi kuwa la jirani usiyemjua. Litakuwa la yule aliyekuwa karibu nawe kuliko wote. Ndiyo maana ramli zikimalizika, anayepotea huwa ni shoga, au wifi, au dada wa tumbo moja.

Nikamuuliza, "Kwa nini uliamini?" Akasema, "Nilichoka kutokujua. Nilipopata wa kumlaumu, nilipumzika."

Sikumlaumu. Na mimi ningekuwa na miaka 26, nimevunjiwa uchumba mara mbili, mtaa mzima unanitazama, labda nami ningepumzika kwa jina la mtu.

Dini imesema nini

Sitaki mtu anifahamu vibaya. Sisemi kuwa sihri haipo. Sisi ni Waislamu, tunaamini kuwa ipo na ina madhara. Katika Surat al-Baqara, aya ya 102, Allah anatueleza habari za waliojifunza mambo ya kumtenganisha mtu na mkewe, na papo hapo anatukumbusha kwamba hawawezi kumdhuru yeyote ila kwa idhini Yake. Katika Surat al-Falaq tunajikinga Kwake na shari ya wanaopulizia mafundoni. Sisi watatu sura hiyo tuliihifadhi chuoni tangu wadogo, tukaisoma kila usiku, na hata siku moja haikutupitia kwamba mafundo yanayosemwa ni kama yale yetu. Tulihifadhi maneno, maana hatukuulizia wala hatukufundishwa.

Lakini tazameni na upande wa pili. Katika hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyopokewa na Bukhari, Mtume, rehma na amani zimshukie, alifanyiwa sihri kwa kitana na nywele zikatiwa kisimani. Yeye alijuulishwa kwa wahyi aliyefanya ni nani. Hakuwa amebahatisha wala hakupigiwa bao. Na alipoulizwa kuhusu kukitoa kile kitu na kukidhihirisha, akasema kwamba Allah ameshamponya, na kwamba amechukia kuwaamshia watu shari. Kisima kikafukiwa, yakaisha.

Mwenye yakini ya mbinguni alichagua kutokuchochea watu. Sisi wenye yakini ya mpiga ramli tunaweka wasichana watano nje ya mlango.

Na kwenda kwenyewe kwa mpiga ramli si jambo jepesi. Imo katika Sahih Muslim kwamba anayemwendea na kumuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku arobaini. Na Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetutaka tujiepushe na dhana nyingi kwani baadhi yake ni dhambi. Hebu tufanye hesabu: mtu anatoka kwa mganga na sala za siku arobaini ziko hatarini, na dhambi ya dhana, na shoga amempoteza. Alichokipata ni nini?

Kwa akina mama wenye binti

Likizo nyengine inakuja. Binti zenu watakaa vyumbani na shoga zao, mlango umerudishwa, vicheko na minong'ono. Najua baadhi yenu mtaogopa. Mengine ya kuogopa yapo, sikatai. Lakini urafiki wa wasichana wenyewe msiuogope. Bibi Aisha mwenyewe amehadithia alivyokuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenziwe, na Mtume akiingia wale wasichana wakijificha, naye akiwatuma warudi wakacheze naye. Ni Mtume wa umma mzima, na alijali kwamba mke wake mdogo apate kucheza na shoga zake.

Na uchawi wa kitoto, mujue upo katika kila zama. Zetu zilikuwa uzi mwekundu na mkadi. Za leo ziko kwenye simu: nyota yako inaendana na ya nani, andika unachokitaka mara 3 asubuhi, 6 mchana na 9 usiku, nunua kijiwe cha rangi hii uvae shingoni. Ukimkuta binti yako ameandika jina la mtu mara tisa kwenye daftari, usipige mayowe ukamwita mshirikina mbele ya nduguze. Wala usicheke ukasema ni mambo ya utoto. Bibi yangu aliona michanga akanyamaza, na alinyamaza kwa huruma, Allah amrehemu. Lakini fundo lile likabaki miaka kumi bila ya wa kulifungua.

Kaa naye. Muulize, "Unaogopa nini?" Sisi tungeulizwa hivyo pale barazani, tungelia tukasema, "Tunaogopa kutenganishwa." Na Bibi angetufundisha kuomba. Angetwambia inukeni usiku mkasali rakaa mbili, mwambieni Mwenyezi Mungu kama mnavyoambiana kitandani. Habari ya uhamisho ingekuja siku ile ile iliyokuja, na sisi tungesema Alhamdulillahi. Hiyo ndiyo tafauti yote. Mtoto anayefunga uzi ana haja na hajui pa kuipeleka. Muonyeshe pa kuipeleka.

Kwa mabibi harusi

Dada yangu unayesubiri siku yako, nakujua una hofu. Utahama nyumba, utahama kitanda, utakaa na watu wapya, na kila mtu anakunong'oneza la kuogopa. Jikinge, na kinga ipo. Soma nyiradi za asubuhi na jioni, soma Ayatul Kursiy, na kabla ya kulala fanya alivyokuwa akifanya Mtume: kusanya viganja vyako, pulizia na usome Qul-huwallahu, Falaq na Nnas, kisha upanguse mwili wako unapofika, mara tatu. Hayo ndiyo mapulizo yetu, na hayahitaji uzi wala unywele wa mtu.

Kama moyo wako haujatulia juu ya posa, sali istikhara. Jabir bin Abdillah amesimulia kuwa Mtume alikuwa akiwafundisha istikhara kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili na dua. Si lazima uote ndoto. Shoga yangu aliniambia kuwa mume wake wa sasa alimsalia istikhara usiku tatu, na hakuona ndoto wala nuru, aliona mambo yanakwenda tu bila ya kukwama. Baada ya miaka yote ile ya kwa waganga, kilichomsaidia alikuwa nacho nyumbani.

Halafu, waite shoga zako waingie ndani. Sisemi umuamini kila mtu. Yupo shoga wa sherehe na yupo shoga wa maisha, na hadithi ya mbeba miski na mvivia moto tunaijua sote. Mwenye tabia mbaya jiepushe naye kwa yale uliyoyaona kwake wewe mwenyewe, uliyoyasikia kwa masikio yako. Usimuepuke kwa aliyoyasema mtu aliyelipwa aseme. Ule mchana wa kusingwa haurudi. Ukiwa na miaka 40, hutakumbuka rangi ya mapazia ya ukumbi. Utamkumbuka aliyekushika mkono hina ikikauka, akakufuta machozi kwa sababu wewe huwezi.

Na kama kuna mtu umemweka nje ya mlango kwa ramli, mpigie simu leo. Usisubiri benchi la kliniki.

Yaliyobaki

Mimi na shoga yangu hatujarudi kama zamani, nisiwadanganye. Kuna siku bado neno linatukwama. Lakini tunajuliana hali, watoto wetu wanacheza pamoja, na mwezi wa Shaabani alinipeleka kaburini kwa mama yangu akamsomea Yasin mpaka mwisho, sauti yake inakatika. Kisha tukakaa pale chini tukalia kama wasichana wa kidato cha pili.

Nilipomwambia nataka kuandika habari hii, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Andika, shoga. Labda kuna mmoja atafunguliwa mlango."

Yule bibi harusi wa wiki mbili zilizopita, nilipokuwa natoka, nilifanya jambo moja ambalo si kazi ya msingaji. Nilimwambia shangazi yake kwa upole, "Mama, singo limebaki, na mimi mkono umechoka. Naomba wale wasichana wanisaidie miguu." Alinitazama sana. Kisha akaiweka ile karatasi ya nywele mezani, akaenda mwenyewe kufungua mlango.

Allah atuhifadhie binti zetu na urafiki wao, atukinge na shari ya kila mwenye husuda na shari ya dhana zetu wenyewe, na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.